Ua Unaopitisha Maji

Nilipokuwa mtoto Ifakara, ua ulikuwa kazi ya kiangazi. Mpunga ukishavunwa, kabla ya mvua kurudi, wanaume walikwenda mtoni kukata matete, wakayapanga kwenye fito na kuyafunga kwa kamba za magome. Ua huo haukumzuia mwizi, wala hakuna aliyedai kwamba unamzuia. Ulimsitiri mama akienda kuoga, uliwazuia kuku, na mgeni alijua pa kusimama kupiga hodi. Mchwa waliula upesi, ikabidi kurudi mtoni tena.

Ndiyo maana bibi yetu alipanda minyaa. Unakata tawi, unalichomeka ardhini, linashika lenyewe. Mbuzi hawaigusi. Ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na unaweza kumpofusha mtu kwa muda. Mdogo wangu alivunja tawi akijificha katika kombolela, utomvu ukamrukia. Bibi alimwinamisha, akamwosha jicho kwa maji safi mfululizo, huku akipaza sauti baba mdogo aje na baiskeli amkimbize hospitali. Jicho lilipona. Wiki ileile bibi aling'oa minyaa yote iliyopakana na uwanja wetu wa kuchezea, akapanda michongoma. “Mwiba mtoto anauona,” alisema. Hadi leo sijasikia kipimo bora cha usalama wa ua wa nyumba yenye watoto.

Kisha zikaja kuta. Watu walianza kuwa na pikipiki, televisheni na sola, na wezi nao wakaongezeka. Tofali za kuchoma hazikuwa shida, maana bonde la mpunga halikosi pumba za kuchomea. Geti la chuma, vipande vya chupa juu ya ukuta: ndiyo ikawa sura ya nyumba ya aliyefanikiwa. Siwalaumu. Mama anayelala na wanawe peke yao ana haki ya usingizi.

Lakini Ifakara ni tambarare, na Mto Lumemo unateremka kutoka milima ya Udzungwa ukiwa na nguvu zake zote. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuta nyua za matete: maji yalipenya, yakalaza sehemu, yakapita zake. Masika ya 2024 yalikuta kuta. Maji yaliyozuiwa upande mmoja yakifika kina cha mita moja, husukuma kila mita ya ukuta kwa nguvu sawa na uzito wa takriban nusu tani. Chini, udongo wa msingi umeshalegea. Mtaani kwetu ukuta mmoja uliangukia jiko la jirani usiku. Namshukuru Mungu kwamba lilikuwa tupu. Na hata ukuta unaosimama una ubaya wake, kwa sababu maji uliyoyazuia yanakwenda kwa mwenzako asiye na ukuta.

Ilipofika zamu yangu ya kujenga, nilikumbuka nilichokiona Mang'ula, pembezoni mwa Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Wakulima wanatundika mizinga ya nyuki kwenye waya kati ya nguzo. Tembo akiugusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Maji, upepo na binadamu hupita chini ya mizinga bila shida. Wale wakulima walijiuliza kwanza ni nani hasa wanayemzuia, ndipo wakachagua cha kumzuia.

Mimi namzuia mwizi, namlinda mtoto, na maji nayaachia njia. Kwa hiyo nguzo zangu ni za zege, misingi yake imekwenda chini. Kati ya nguzo kuna kozi chache tu za tofali, zenye matundu mapana usawa wa ardhi, yaliyowekewa nondo. Juu yake ni wavu wa chuma, na nje michongoma inayopogolewa kila mwaka. Chupa sikuweka: watoto hupanda ukuta kufuata mpira, na anayekatwa huwa ni mtoto wa jirani. Wavu una faida nyingine, kwamba mwizi akiingia, wapita njia wanamwona. Nyuma ya ukuta mrefu angefanya kazi yake kwa nafasi.

Fundi alipinga yale matundu, akidai nyoka watapita. Ni kweli wanaweza, kwa hiyo tunafagia na kufyeka pande zote mbili. Kilichobaki ni mfereji. Jirani wa upande wa chini amekubali upite mpakani hadi barabarani, kwa sharti tuuchimbe pamoja kabla ya Novemba na kila mmoja azibue kipande chake.