Ratiba Yangu Ilivyonyeshewa Mvua

Wahenga walinena kuwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mimi sikuchelewa. Nilipanga kila kitu mapema kwa kalamu na rula, na bado mvua ilinikuta bila paa. Nipe sikio, msomaji, nikusimulie.

Mamangu huuza mboga sokoni. Kwa miaka sita alikuwa akiweka pesa katika chama cha akina mama, na Desemba iliyopita zikatosha kujenga nyumba ya mawe ya vyumba viwili kwenye kiploti chetu. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa na kila jioni niko nyumbani, aliniita akasema, "Wewe ndiye uliyesoma. Shika daftari unipangie hii kazi." Nilivimba kichwa, siwafichi.

Nikamuuliza fundi kila kazi huchukua siku ngapi. Msingi siku tano, sakafu mbili, kuta kumi, linta mbili, paa nne, milango na madirisha mbili. Nikajumlisha: siku 25! Tukianza tarehe 6 Januari, mwanzoni mwa Februari tungekuwa ndani. Mama akaiamini hesabu yangu, akamwarifu mwenye nyumba tuliyopanga kuwa tungehama mwisho wa Februari.

Msingi na sakafu zikaisha kwa wakati. Siku ya nane nikamkuta fundi ameketi juu ya ndoo, kazi yake kumwagia sakafu maji tu.

"Kijana, zege halijengewi likiwa bichi. Lazima linywe maji wiki nzima."

Daftarini mwangu hamkuwa na siku za kunywa maji. Kuta zilipoanza kuinuka, akauliza fremu za milango ziko wapi, maana alitaka kuzisimamisha kwanza ndipo ukuta uzishike. Fremu? Mimi nilikuwa nimeziandika mwisho kabisa, pamoja na milango! Seremala akasema ni wiki mbili. Fundi naye hangekaa bure. Akaenda mjengo mwingine, na fremu zilipokuwa tayari tukamngoja siku kumi zaidi. Kisha linta nayo ikataka wiki yake ya maji kabla ya kubeba paa.

Mwisho wa Februari ukafika, mpangaji mpya akaja na godoro lake. Tukahamia kwa shangazi, watu sita chumba kimoja. Wiki ya pili ya Machi, usiku wa manane, mvua ikanyesha ajabu. Nikakumbuka mifuko minane ya simiti iliyokuwa ndani ya nyumba isiyo na paa. Asubuhi yote ilikuwa mawe. Mama aliigusa mmoja mmoja, asiseme neno. Afadhali angenichapa.

Nikampelekea mwalimu wetu wa Hisabati lile daftari. Hakunicheka. Alinieleza kuwa mwaka 1957 kule Marekani, Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walianza kuunda mbinu ya kupangia kazi kubwa za viwandani. Akachora ubaoni visanduku vilivyounganishwa kwa mishale.

"Usiulize tu kazi inachukua siku ngapi," akasema. "Uliza inangoja nini."

Kisha unatafuta mlolongo mrefu kuliko yote wa kazi zinazongojana. Huo ndio unaoamua siku ya kumaliza. Kazi moja ya mlolongo huo ikichelewa siku moja, mradi wote unachelewa siku moja. Kazi nyingine zina nafasi ya kupumua kidogo.

Tukaichora nyumba yetu upya, na hapo nikaona aibu yangu. Fremu hazikuwa zikingoja chochote ila pesa, na pesa tulikuwa nazo. Msingi, sakafu na wiki ya maji ni siku kumi na nne: wiki mbili zile zile za seremala! Kama ningeziagiza siku ya kwanza, zingetungoja sisi. Kumbe kosa langu halikuwa la kujumlisha.

Jioni hiyo nilimwomba mama msamaha. Akasema, "Basi, nyamaza. Kesho andika upya." Tulihamia Aprili, lakini mkopo wa ile simiti anaulipa hadi leo.

Chama chetu cha Kiswahili kilipojiandaa kwa Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya tarehe 7 Julai ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, wenzangu walitaka tuanze na maleba na ngoma. Nikakataa katakata. Tulianza na barua ya ruhusa ya mwalimu mkuu, kwa maana mgeni, basi na pesa vyote viliingoja. Mlijionea wenyewe mambo yalivyokwenda.

Wenzangu, kabla hamjaandika siku, andikeni kinachongojwa. Mama ameniambia mwakani tutajenga jikoni. Safari hii nimeshaenda kwa seremala.