Kamera Mbili za Mtumba

Maisha yangu ya kazi nimeyaendesha kwa kupiga picha za harusi, vipaimara na mahafali Dar es Salaam, na vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza swali moja kuliko mengine yote: ninunue kamera mpya au iliyotumika? Jibu langu ni lilelile. Mwenye fedha ya kamera moja mpya anunue mbili zilizotumika. Sisemi hivyo kwa kupenda vitu rahisi. Nasema hivyo kwa sababu kazi yetu haina marudio. Anayepiga picha za milima akiharibikiwa leo atarudi kesho, na mlima ataukuta palepale. Sisi tukiharibikiwa katikati ya ibada, hakuna wa kumwomba padri arudishe watu kwenye kiapo. Kwa hiyo uzee wa kamera haunitishi sana. Kinachonitisha ni mpiga picha kuingia kanisani na kamera moja tu begani.

Tuanze na kinachochakaa. Ndani ya kamera ya DSLR kuna shata, mapazia membamba yanayofunguka na kujifunga kila picha inapopigwa, na watengenezaji huipima kwa idadi ya mapigo. Canon walitaja mapigo 150,000 kwa 5D Mark III ya mwaka 2012. Nikon walitaja idadi hiyohiyo kwa D750 ya 2014, na 200,000 kwa D850 ya 2017. Si kwamba ikifika hapo inakufa, lakini ni kipimo cha kuanzia. Sasa harusi ya kwetu, kuanzia saluni hadi kina mama wanapocheza ukumbini usiku wa manane, hula picha kama 2,000 bila shida. Ukigawanya, 150,000 ni harusi 75, na anayepiga kila Jumamosi anafika hapo kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Maana yake, kamera aliyoitoa mwenyewe kwenye boksi itakuwa imetumika sawasawa na ya mtumba kabla mwaka wa pili haujaisha. Kwa upande mwingine, kamera ya mtu aliyekuwa akipiga watoto wake wakati wa likizo inaweza kuwa na miaka minane na mapigo machache mno. Umri haukuambii kitu. Idadi ndiyo inayosema, nayo inasomeka: Nikon nyingi huiandika ndani ya faili la picha, Canon nyingi huhitaji kuunganishwa na kompyuta yenye programu ya kuisoma. Muuzaji akikataa usisome, mwachie kamera yake.

Lenzi ni habari nyingine, na hapa ndipo mtumba unapolipa zaidi. Kioo hakina mapigo ya kuhesabu. Canon walianzisha mfumo wa EF mwaka 1987, na lenzi ya wakati huo bado inavaa kwenye EOS R ya 2018 kwa adapta na kufokasi yenyewe. Mfumo wa Nikon F ni wa 1959, ingawa hapo kuna tahadhari: lenzi za AF-D hutegemea mota iliyo ndani ya kamera, kwa hiyo kwenye Nikon Z utafokasi kwa mkono. Tangu watu walipohamia kamera zisizo na kioo cha ndani, wengi wamezitoa lenzi zao za DSLR, na bei imeshuka bila ubora wa kioo kushuka. Adui wa lenzi huku pwani ni ukungu. Washa tochi ya simu, iweke nyuma ya lenzi, fungua diafragma yote, kisha tazama kwa upande. Ukungu utauona kama nyuzi za buibui zinazoanzia ukingoni na kutambaa kuelekea katikati. Chembe za vumbi zisikusumbue, kwa kawaida hazionekani kwenye picha. Nyuzi hizo zikusumbue, maana ukungu hutoa asidi inayokula tabaka la kinga la kioo, na hata fundi akisafisha, alama inaweza kubaki. Tazama na skrubu za nyuma: vichwa vikiwa na mikwaruzo, kuna mtu ameshaifungua. Majani ya diafragma yakiwa na mng'ao wa mafuta, yanaweza kuanza kunata. Na mtu asinidanganye kwamba upya ni kinga. Lenzi ya jana dukani, ikiachwa kwenye begi lenye unyevu masika yote, inaota ukungu uleule.

Wanaopinga huanza na dhamana. Dhamana ni kitu kizuri, lakini tuulize inarudisha nini. Inarudisha kamera iliyotengenezwa, baada ya majuma kadhaa, harusi hairudishi. Kamera ya pili begani ndiyo dhamana inayofanya kazi saa ileile. Tena 5D Mark III na D750 zina nafasi mbili za memori kadi, picha ikaandikwa kote kuwili kwa pamoja, wakati EOS R na Nikon Z6, zote za 2018, zilitoka kiwandani na nafasi moja. Kwa kazi yangu, hilo lina uzito kuliko mwaka wa kutengenezwa.

Wengine wanaogopa mali ya wizi, na wana haki. Dai risiti, linganisha namba iliyo kwenye kamera na ya kwenye boksi, na bei ikiwa chini kupita kiasi, ondoka.

Hoja nzito kuliko zote ni ya fokasi. Kamera mpya hutafuta jicho la mtu na kulishika hata akitembea kwenye ukumbi wenye giza, na DSLR ya zamani haifiki hapo. Hili nalikubali bila kung'ang'ana. Lakini uwezo huo nao umeshaingia sokoni kwa mkono wa pili, kwa hiyo anayeuhitaji anaweza kuupata bila kukosa fedha ya kamera ya akiba. Mwenye uwezo wa kununua mbili mpya, anunue. Hoja yangu haimhusu.

Vitu vitatu tu nasisitiza viwe vipya, tena kutoka duka linaloaminika: betri, memori kadi na flashi. Betri huchoka ndani kwa ndani, memori kadi bandia hujitangazia ukubwa isiokuwa nao, na flashi nyingi hazikuonyeshi zimewaka mara ngapi. Fedha iliyobaki kwenye bodi na lenzi za mtumba inatosha kuvinunua hivyo bila kukopa.