Waifai Ilivyofika Vyumba vya Uani

Nyumba ya shangazi yangu, Mirongo, ilijengwa na watu wasiokuwa na haraka. Mbele kuna fremu mbili za duka zinazotazama barabara. Katikati inapita korido ndefu yenye vyumba huku na huku. Nyuma kuna ua wa saruji wenye bomba na karo la kufulia, safu ya vyumba vya wapangaji, na mwisho kabisa choo na bafu. Kuta za nyumba kubwa ni nene, zimepigwa lipu juu ya lipu, na ukitoka Makoroboi mchana wa jua kali ukaingia koridoni, ubaridi unakupokea. Tulizisifu sana kuta hizo. Tulianza kuzinung'unikia pale intaneti ilipotoka mjini ikaja kukaa nyumbani.

Maana zamani intaneti ilikuwa mahali pa kwenda. Miaka ya mwanzo ya 2000, katikati ya jiji la Mwanza kulikuwa na vyumba vya kompyuta vya kulipia kwa saa. Unalipa mezani, unaonyeshwa mashine, na saa inaanza kukuhesabia pembeni mwa kioo kabla hata ukurasa haujafunguka. Shangazi alikuwa na mtoto wake ng'ambo, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa kwenda kumsomea barua pepe. Kuchapisha kulilipiwa kwa kila karatasi, kwa hiyo nilikuwa nanakili kwa kalamu kwenye daftari la shule, kisha narudi nyumbani kuisoma kwa sauti sebuleni. Shangazi akisikiliza alikuwa anainamisha kichwa, halafu anauliza, "Ndiyo hayo tu?" Alidhani nimeruka mistari ili niwahi kutoka.

Uzito ule wa mtandao haukuwa wa mashine peke yake. Afrika Mashariki haikuwa bado na mkongo wa baharini wa intaneti, na mawasiliano mengi yalipanda hadi kwenye setelaiti iliyo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, yakashuka upande wa pili wa dunia, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliwashwa na Dar es Salaam ikaunganishwa. Mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Nchi kavu nako Mkongo wa Taifa ukawa unatandazwa kuelekea mikoani. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatukuona waya wowote wa baharini, tuliona tu kwamba picha zimeanza kufunguka.

Kisha ikaja zamu ya simu na modemu, zile za kuchomeka kwenye kompyuta kama kidole. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kugawanyika. Fremu ya mbele, karibu na dirisha, ilikamata vizuri. Koridoni herufi juu ya kioo cha simu zilishuka hadi E, na kwenye E hakuna kinachofunguka zaidi ya ujumbe mfupi. Watu wa Mwanza tunalijua jambo hili kuliko wengi, kwa sababu jiji letu limejengwa kati ya mawe. Kule Mabatini au Isamilo nyumba mbili jirani zinaweza kutenganishwa na jiwe moja kubwa la matale, huku mtandao ukaruka na kule mtu akapanda juu ya jiwe ili apige simu. Mirongo tuko bondeni, karibu na mto uliotupa jina, hatuna mawe makubwa ya namna hiyo. Sisi tulikuwa na kuta.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, wajukuu wote walirundikana nyumbani, na bando la simu likawa linaisha kabla ya chakula cha mchana. Shangazi alivumilia kwa muda, kisha faiba ilipofika mtaani kwetu akasema ivutwe. Waya mwembamba mweusi ukatoka nguzoni, ukapita chini ya bati, ukaingia kwa tundu la dirisha la sebule. Rauta ikawekwa juu ya kabati la vyombo. Hakuna aliyelichagua kabati lile kwa hesabu yoyote. Waya wa fundi uliishia hapo, basi. Ndivyo rauta nyingi zinavyopata makao yao, na ndiyo sababu nyingi zimekaa kwenye kona ya nyumba, zikimpa jirani au barabara nusu ya mawimbi yake.

Kwa miezi mingi sebule ya shangazi ilijaa. Mjukuu wa chuo alikuwa sakafuni na kompyuta, wadogo kwenye kochi, na mpangaji wa chumba cha kwanza amesimama mlangoni akijifanya kaja kusalimia. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibu ukae." Anakaa, simu inaanza kuunguruma kwa ujumbe uliokuwa umekwama kutwa nzima. Shangazi aliipenda hali hiyo. Alijua nani yuko, nani katoka, na nani hajala.

Waliopata hasara walikuwa watu wa uani. Katika nyumba za kupanga tumezoea kuchangia umeme: kila mmoja anatoa chake, mmoja ananunua Luku, na ugomvi unaanzia kwa mwenye pasi. Shangazi aliuingiza mtandao katika utaratibu huo huo, mchango mmoja kwa kila chumba. Fundi cherehani aliyepanga chumba cha mwisho, jirani na bafu, alilipa kwanza bila neno, kisha akaja kistaarabu, kofia mkononi. "Mama, mimi nalipia kitu ninachokiona kwa wenzangu." Alikuwa na haki. Chumbani kwake simu iliandika jina la waifai yetu kwa sekunde chache na kulifuta.

Ndipo ikanunuliwa ripita, kile kidude cheupe cha kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi ukutani. Muuzaji aliisifu kama watu wanavyosifu dawa. Wapangaji wa uani waliisubiri kama haki yao, wakataka ikae kwao, kwenye chumba cha mwisho kabisa, na hoja yao ilieleweka: taa iwekwe penye giza. Ikachomekwa kwa fundi cherehani. Mistari ya waifai ikajaa kwenye simu zote za uani, watu wakashangilia, na hakuna video hata moja iliyofunguka.

Jambo lenyewe ni jepesi likishaelezwa. Ripita haitengenezi intaneti. Inasikiliza rauta kama simu inavyosikiliza, kisha inayarudia iliyoyasikia kwa sauti yake. Mistari inayojaa kwenye simu yako inakuonyesha jinsi unavyoisikia ripita. Haikwambii kitu juu ya jinsi ripita inavyoisikia rauta. Ukiiweka mahali ambapo mawimbi yamekwisha kufa, inarudia kwa nguvu zote kitu ambacho haikukisikia.

Tulimwita kijana anayefunga kamera za ulinzi mjini. Hakugusa waya wowote kwanza. Alifungua kwenye simu yake programu ya kupima nguvu ya mawimbi na kutembea nayo, mimi nyuma yake. Kipimo hicho kinaandikwa kwa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Sebuleni ilisoma katika hasi 40 na kitu. Katikati ya korido, hasi 60. Tulipovuka mlango wa nyuma kwenda uani ikaporomoka hadi hasi 80 na zaidi. Akarudi ndani akagonga ukuta wa nyuma kwa kisigino cha mkono. "Mama, huu ukuta ndio unaokula." Kisha akaonyesha chumba cha mwisho cha nyumba kubwa, kabla ya ukuta huo, chenye dirisha linaloelekea uani. "Ripita ikae humu. Hapa bado inasikia vizuri, na kupitia dirishani itawafikia."

Chumba hicho alikuwa amepanga muuguzi. Aliridhia kwa moyo mweupe. Tatizo lilikuwa zamu zake. Akienda kazini usiku alizima swichi zote za chumbani, kama mtu yeyote mwenye akili anayechangia Luku, akafunga mlango na kuondoka na funguo. Saa mbili usiku uani kote kunazimika. Watu wakawa wanaijua ratiba ya hospitali kuliko wafanyakazi wenyewe. Nimesoma maelekezo mengi ya kuweka ripita, yanayozungumzia nusu ya njia kati ya rauta na chumba kisichokamata, kuikwepa oveni ya maikrowevu, kuikwepa friji na vioo. Sijasoma linalosema: iweke mahali ambapo hakuna mtu mwenye ufunguo.

Dawa ikawa soketi mpya koridoni, juu, karibu na dari, mbele ya mlango wa nyuma. Shangazi aliikataa kwanza kwa sababu ya umeme, hadi tulipopiga hesabu mezani. Kifaa cha wati 6 kikiwaka usiku na mchana kinakula uniti 4 na ushee kwa mwezi. Aliipokea hesabu hiyo, na kuigawa papo hapo kwa wapangaji wote.

Uani sasa kulikamata, lakini polepole. Ripita yetu ilikuwa ya bei rahisi, yenye redio moja. Inaposikiliza rauta haiwezi kusema na simu, na inaposema na simu haisikilizi rauta, kwa hiyo kasi inayobaki ni kama nusu, pengine chini ya hapo. Zipo zenye redio mbili, moja ya gigahezi 2.4 na nyingine ya 5, zinazoweza kupokea kwa moja na kutoa kwa nyingine. Ya 5 inabeba mzigo mkubwa zaidi lakini ukuta mnene huishinda upesi, ya 2.4 hupenya vizuri zaidi, ila huko ndiko kila mtu aliko. Fungua orodha ya waifai kwenye simu yako jioni, pale Mirongo, uone majina yanavyoteremka: maduka, nyumba za wageni, majirani wa mtaa wa pili. Kwenye 2.4 kuna njia tatu tu zisizokanyagana, namba 1, 6 na 11, na wote hao wamejibana humo. Kijana wetu alituhamisha kutoka 6 kwenda 11. Ilisaidia wiki kadhaa, mpaka jirani naye akaita fundi.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mtandao ulikufa nyumba nzima huku mistari ya waifai ikiwa imejaa. Wapangaji walimfuata shangazi, ripita ikazimwa na kuwashwa mpaka soketi ikalegea. Baadaye ikajulikana kwamba mikongo ya SEACOM na EASSy ilikuwa imekatika baharini, upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki ziliathirika. Fundi cherehani aliposikia alicheka. Kumbe chumba chake jirani na bafu kilikuwa kimeunganishwa na chini ya bahari, na yeye alikuwa akiilaumu ripita.

Kilichomaliza kesi ya uani ni waya. Kijana yule yule alirudi na kebo ya mtandao, akaipitisha juu ya dari kutoka kwenye rauta hadi mlango wa nyuma, kisha chini ya ukingo wa paa la vyumba vya uani. Alitaka kuifukia, shangazi akamzuia. Mvua kubwa zikinyesha na mto ukajaa, ua wetu unajua kushika maji. Mwisho wa kebo akaweka kifaa cha kutoa waifai, kikapewa jina na nenosiri lile lile la rauta ili simu zihame zenyewe mtu anapotoka sebuleni kwenda uani. Kwa kuwa mawasiliano yanafika hapo kwa waya, hakuna kinachokatwa nusu njiani. Fundi cherehani sasa anapokea picha za mishono kutoka kwa wateja akiwa kwenye kiti chake cha kazi, na mchango wake halali anautoa bila kofia mkononi.

Sebule imepungua watu. Shangazi analalamika kwamba siku hizi akitaka watoto waje kula inabidi awapigie simu, nao wako vyumba viwili kutoka alipo. Nakubaliana naye kidogo tu. Sebule ile ilijaa kwa sababu watu hawakuwa na pengine pa kwenda, na mjukuu wa chuo alifanya mitihani yake sakafuni, katikati ya kelele za katuni.

Ripita ya zamani haikutupwa. Iko kwenye fremu ya mbele kwa mwenye duka, ukuta mmoja tu kutoka kwenye rauta, na huko inafanya kazi vizuri. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, au kwa chumba kimoja kisichokamata vizuri, ni kifaa kizuri na sina ubaya nacho. Kama nyumba ni yako, ina korido, ukuta mnene na wapangaji wanaochangia, fanya hivi kabla hujaenda dukani: tembea na simu yenye kipimo uone mawimbi yanafia wapi, tazama soketi iko upande gani wa ufunguo, kisha uliza bei ya kebo. Kebo ya mtandao hubeba mawasiliano hadi mita 100, na Mirongo sijaona ua unaofika hapo.