Kazi ya Mtu wa Chicago

Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa 2009, nilikuwa bado shule ya msingi. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, ghali na polepole. Bila nyaya hizo singeketi South B nikafanya kazi ya mtu wa Chicago. Nasema ya mtu kwa sababu alikuwepo, na ndiye aliyenifunza.

Kwa wiki sita tulionana kwenye skrini, kwake saa tatu asubuhi, kwangu saa kumi na moja jioni. Mhandisi wa programu, miaka 19 kazini. Akikataa kunifunza, angekosa malipo ya kuachishwa kazi. Aliniambia hivyo siku ya pili, bila hasira, kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi. Sasa mimi ningesema nini? Pole? Na mamangu ashaliambia kanisa lote nimepata job ya dola.

Wengi hudhani kinachohamishwa ni programu. Hiyo huhamishwa kwa dakika. Kigumu ni kile ambacho hakijaandikwa popote: kwa nini mfumo wa bili hukwama kila mwisho wa mwezi, mteja yupi usiguse data yake kabla ya kumpigia simu. Hayo yote yalikuwa kichwani mwake. Nikayaandika kwenye daftari, tokeni za stima zikikaribia kuisha.

Aliniuliza nalipwa ngapi. Nikamwambia. Haikufika robo ya wake. Akanyamaza, kisha akacheka: "Hata mimi ningekuajiri wewe." Pesa hiyo, tusidanganyane, ilimlipia dadangu karo ya chuo.

Lakini alijifunza wapi yeye? Kwa kazi ndogo ndogo za miaka ya kwanza, zile zile ambazo sasa huondoka mapema. Septemba 2019 Andela ilitangaza kuwaachisha wahandisi wachanga Kenya, Uganda na Nigeria, ikisema wateja wanataka wenye uzoefu. Sawa, uzoefu huo unauzwa duka gani? Dadangu anamaliza shahada ya kompyuta mwaka ujao, na kila tangazo analonitumia linadai miaka mitano.

Mwezi jana boss ameniagiza niandike mfumo mzima, hatua kwa hatua, "kwa timu mpya." Hajasema timu iko wapi, wala kama ni watu. Nimefika nusu. Yale ya kwenye daftari bado sijayaingiza.