Kutoka Mwanaasha hadi Aisha

Katika miaka ya 1970, pale kwetu Ngamiani, Tanga, ukisimama barabarani ukaita "Asha!" waliitika wengi: mtoto aliyetumwa dukani, mama wa makamo anayepepeta mchele uani, na bibi kizee aliyekaa barazani na tasbihi yake. Ndiyo maana kila Asha alikuwa na nyongeza. Palikuwa na Asha Mrefu, Bi Asha Vitumbua, Asha wa Barabara ya Nane. Mimi nilikuwa Asha Mdogo, kwani bibi mzaa baba alikuwa hai, na jina lilikuwa lake.

Yeye hasa aliitwa Mwanaasha. Baba alifuata desturi ya ukoo wetu: binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Siku ya saba nikanyolewa nywele, mbuzi akachinjwa kwa akika, na tangu hapo bibi akawa ananiita somo. "Somo yangu keshakula?" "Somo yangu yuko wapi?" Sikumbuki kumsikia akiniita Asha. Mama naye hakuniita Asha. Jina la mkwe halitamkwi ovyo na mke wa mwanawe, sembuse kulipigia kelele kwa sababu mtoto kamwaga uji. Mama aliniita Bibi. Hata mama mkwe wake alipofariki hakubadili. Nilikuwa nimekwisha kuolewa niliposikia kwa mara ya kwanza jina langu kinywani mwake, siku muuguzi alipomuuliza mgonjwa anaitwa nani.

Mwenye jina hili wa asili tunamjua. Ni Bi Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie. Waislamu humwita Mama wa Waumini. Hadithi zaidi ya 2,000 zimepokewa kutoka kwake, na masahaba wakubwa walimwendea kumuuliza hukumu za mirathi na mambo mengine ya dini. Alifariki Madina mwaka 58 wa Hijra, sawa na 678. Kwa Kiarabu jina lake ni mwenye kuishi, nalo limetoka katika mzizi uleule uliotupa maneno kuishi na maisha.

Bibi hakusoma sarufi ya Kiarabu, lakini maana hiyo aliijua vyema, maana ndiyo iliyomfanya aitwe hivyo. Mama yake alizika watoto wawili kabla hajazaliwa yeye. Siku zile mtoto wa namna hiyo mara nyingi aliitwa Mashaka, au Tabu. Babu yake bibi akakataa. Mtoto huyu, alisema, apewe jina la mwenye kuishi, tena la mwanamke mwenye elimu. Bibi akaishi mpaka akaona vitukuu. Kila aliponisimulia habari hiyo aliwataja kwanza wale ndugu zake wawili waliotangulia, akawaombea, kisha ndipo akaendelea. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba jina langu ni dua aliyoombewa mtoto mwingine kabla yangu, ikakubaliwa.

Naamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya jina hili kuenea pwani yetu nzima. Heshima ya Bi Aisha ilikuwapo, bila shaka, lakini heshima hiyo anayo pia Bi Hafsa, mke mwingine wa Mtume, na akina Hafsa katika utoto wangu walikuwa wachache. Watoto walikufa kwa surua na kwa homa, na mzazi alitaka jina lenye uhai ndani yake. Si wote, hata hivyo. Majirani zetu Mashia Ithnaasheri, waliotuletea futari na sisi tukawapelekea, walikuwa na akina Fatma, Zainabu na Sakina. Jina letu hukulikuta kwao, kwa kumbukumbu ya Vita vya Ngamia mwaka 656, ambapo Bi Aisha alikuwa upande wa waliopambana na Imamu Ali. Hilo nalo nilielezwa na bibi, kwa sauti ya upole, ili nisije kuwauliza watoto wenzangu neno la kuwakera.

Sasa lile "Mwana" lilikwenda wapi? Katika Kiswahili cha kale cha Lamu, Pate na Mombasa, Mwana lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke wa nyumba yenye hadhi. Ndilo lililo mbele ya jina la Mwana Kupona, aliyetunga utendi wa kumuusia bintiye mwaka 1858. Likaenea hata kwa watu wa kawaida, na wanawake wa rika la bibi walilivaa wote: Mwanahawa, Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi. Kadi yake ya TANU iliandikwa "Mwanaasha bt." kisha jina la baba yake. Hizo herufi mbili ni binti, na bibi alizithamini. Alisema mtu akisikia jina lako lazima ajue umetoka mgongoni mwa nani.

Mimi niliandikishwa shule bila Mwana na bila binti. Majina matatu, langu, la baba na la babu, yamepangwa kama ya mvulana. Hakuna aliyetushauri wala aliyetukataza. Fomu ilikuwa na nafasi tatu, basi zikajazwa. Wenzangu akina Mwanajuma walikwisha kuwa Mwajuma, na baada ya miaka michache Mwajuma likawa jina la kuchekea mjini, la kumtania mwanamke wa uswahilini. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ni jina la mtoto aliyezaliwa Ijumaa, siku bora ya wiki, na ndani yake mna heshima ya wanawake wa pwani.

Kisha zamu yetu ikafika. Kaka yangu alikwenda kusoma Madina, akarudi mwishoni mwa miaka ya 1980 na elimu nyingi, ambayo mtaa wote ulinufaika nayo. Siku moja mezani, mbele ya wanangu, akasema jina Asha si jina. Kwa Kiarabu ashaa, alisema, ni chakula cha usiku, na Wahindi ndio wana Asha yao, yenye maana ya tumaini, kama yule mwimbaji wa filamu Asha Bhosle. "Wewe, dada, unaitwa Aisha. Jizoeze."

Kuhusu lugha alisema kweli tupu. Lakini niliumia kwa ajili ya bibi, aliyekuwa amezikwa miaka kadhaa nyuma akiwa Mwanaasha, na aliyeswali maisha yake yote kwa jina hilo.

Kaka hakuwa peke yake. Nje ya misikiti vikaanza kuuzwa vijitabu vya majina ya Kiislamu na maana zake, na wazazi vijana wakavisoma kwa makini. Binti zetu waliokwenda Muscat kufanya kazi walirudi wakitamka Aysha. Mwaka 1996 ukaja wimbo wa Khaled wa Algeria unaoitwa kwa jina hilohilo, uliotungwa na Mfaransa Jean-Jacques Goldman, na vijana ambao hawakuelewa neno jingine lolote la wimbo ule walilijua hilo moja. Mpaka televisheni za dishi zinaingia Ngamiani, hakuna tena aliyekuja kwenye akika ya ukoo wetu na jina la Asha. Walizaliwa akina Aisha, Aysha, Ayesha, na mmoja aliyeandikwa Aishah, herufi ya mwisho ikiwa haisomwi na mtu yeyote nyumbani kwao.

Nawapenda wote, na nafurahi msichana wa leo akijua kuliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, ayn mbele na hamza katikati. Bibi asingeweza, na angefurahi kuliko mimi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba sisi tulikosea. Mturuki husema Ayşe. Msenegali na Mguinea husema Aïssatou, na Mhausa A'ishatu. Mombasa na Lamu wapo akina Esha. Waarabu wenyewe, katika lahaja zao nyingi, huidondosha hamza ile wakasema Aysha, na kutoka hapo hadi Asha ni hatua fupi sana. Mababu zetu walilipokea jina kwa sikio, wakalitia katika ulimi wao kama walivyotia maneno mengine mengi, na nia yao ilikuwa kwa Bi Aisha yuleyule. Hata bara likafika, likavuka mipaka ya dini na ya ukoo. Mwaka 2007 Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea, alipokuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, jina letu lilisomwa New York likiwa na matamshi ya kwetu, nami nilimpigia kaka simu usiku uleule kumwambia asikilize taarifa ya habari.

Tulibishana hivyo kwa miaka, kwa mapenzi. Bintiye alimwita Aisha, akasema ni kwa ajili yangu. Mtoto huyo ananiita somo, naye nimemsimulia habari za wale watoto wawili wa mwanzo.

Nilipostaafu, ofisi moja ikagoma kunilipa mafao. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha, cheti cha shule kinasema Aisha, kwa kuwa mwalimu mmoja alilirekebisha jina langu kwenye fomu za mtihani akidhani ananisaidia. Kwa karatasi nilikuwa watu wawili, na mmoja wao hakuwahi kufanya kazi. Nikaambiwa nilete hati ya kiapo, aape ndugu mkubwa anayenifahamu tangu kuzaliwa. Wazazi walikwisha kutangulia. Aliyebaki ni kaka.

Alikuja na kofia yake ya viua na miwani mipya. Wakili alimsomea maneno, naye akayarudia kwa sauti yake ya mimbari, bila kusita: kwamba Asha na Aisha ni mtu mmoja, ni dada yake wa tumbo moja, na kwamba majina yote mawili ni yake kwa haki. Kisha akaomba kalamu, na pembeni ya neno Asha akamwomba karani aongeze kwamba alipewa jina la bibi yake, Mwanaasha. Karani akasema haihitajiki. Kaka akasisitiza, ikaandikwa.