Tafakari ya Juma: Mtini, Jembe na Kidato cha Tano



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, ofisi ya parokia hugeuka kuwa mahali pa kutafsiri herufi. Wazazi hufika na simu au na karatasi iliyochapwa, nao huuliza swali moja: "Padre, haya yanamfikisha kidato cha tano?" Tumelijibu swali hilo mara nyingi, hata tukazoea kulijibu bila kuinua macho. Juma hili tunapenda kuungama mbele yenu jinsi tulivyolijibu siku moja.

Alifika mama wa mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo, pamoja na binti yake aliyehitimu shule ya kata. Binti alikuwa na C ya Kiswahili, C ya Historia na B ya somo la dini. Masomo mengine yalikuwa D, isipokuwa Hisabati iliyokuwa F. Alikwisha kuhesabu kwa vidole akapata krediti tatu. Tukamweleza utaratibu ulivyo: A, B na C ndizo krediti, D ni kufaulu, lakini si krediti, anayetaka kuchaguliwa kidato cha tano sharti awe na krediti tatu, na somo la dini halimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo alikuwa na mbili.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa upole: "Padre, yaani somo mlilomfundisha ninyi ndilo wasilolihesabu?"

Sisi ndio tuliokuwa tukiingia darasani mwake kila juma kwa kipindi cha dini. Tulimsifu mbele ya wenzake. Lakini katika miaka yote ile hatukuuliza hata mara moja ni nani anayemfundisha Jiografia. Baadaye tulikuja kufahamu kwamba kwa sehemu kubwa ya kidato cha tatu darasa lile halikuwa na mwalimu wa somo hilo. Wanafunzi walinakili madaftari ya waliowatangulia. Siku ile, hata hivyo, tulitoa jibu ambalo padre hulibeba mfukoni daima: "Mama, hayo ni mapenzi ya Mungu." Tukawabariki, wakaenda zao. Jioni, tulipokuwa tukisali Masifu, maneno yale yalitukwama kooni. Tulikuwa tumemsingizia Mungu uzembe wa wanadamu, na wetu ukiwemo.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba sharti la krediti tatu ni dhuluma. Masomo ya kidato cha tano na cha sita ni mazito, na muda wake ni mfupi. Kumtia humo mtoto asiye na msingi ni kumtosa katika maji marefu na kumtakia heri. Tunakumbuka matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ililia, tume ikaundwa, na mwezi Mei 2013 matokeo yakatangazwa upya baada ya kupangwa kwa utaratibu mwingine. Wengine walipanda daraja. Karatasi ilibadilika; kilichokuwa kichwani mwa mtoto hakikubadilika. Kushusha kizingiti hakujapata kumfundisha mtu kusoma.

Sisi wenyewe ni zao la mchujo. Katika seminari ndogo tuliyosoma, mwisho wa mwaka majina yalisomwa, na aliyekuwa chini ya wastani alifunga sanduku lake. Tulipokuwa kidato cha pili lilisomwa jina la mwenzetu aliyelala kitanda cha juu yetu. Malaria ilikuwa imemla nusu ya muhula, wala hakupangiwa mtu wa kumfidia vipindi vilivyompita. Tulimsaidia kubeba sanduku hadi barabarani. Tena tukiri: njiani kurudi mioyo yetu ilikuwa myepesi, kwa kuwa jina letu halikusomwa. Kumbe ndivyo mchujo unavyomfundisha aliyebaki, asipoangalia: kumshukuru Mungu kwamba si yeye.

Shule zetu nyingi za Kanisa zina wastani mkali kuliko ule wa serikali, na zinasifiwa kwa hilo. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora. Hata hivyo, tamaa ya kuwamo katika orodha haifutwi kwa tangazo, na zipo shule ambazo mtoto dhaifu huhamishwa kabla ya mtihani ili jina la shule lisichafuke.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mwenye shamba amefika miaka mitatu kutafuta matunda kwenye mtini, asiyapate, naye aamuru ukatwe. Mara nyingi tumehubiri subira ya mtunza shamba, tukasahau kuitazama mikono yake. Hakumwambia bwana wake kwamba majani yanatosha. Hakukana kwamba mtini unapaswa kuzaa. Aliomba mwaka mmoja, na akajifunga yeye mwenyewe kuupalilia na kuutia mbolea. Na usipozaa baada ya hapo, alikuwa radhi ukatwe. Ukali wa bwana na huruma ya mtumishi havikugombana, kwa sababu katikati yake palikuwa na jembe.

Shule inayoweka wastani mkali, kisha ikaketi jioni na mtoto aliyechelewa, imeshika jembe. Inayoweka wastani na kungoja mwisho wa mwaka imeshika shoka tu. Na paroko asemaye "ni mapenzi ya Mungu" hakushika hata kimoja.

Juma lililofuata tulikwenda nyumbani kwao tukamwomba mama yule msamaha, jambo lililomfadhaisha kuliko matokeo yenyewe. Binti alijiandikisha kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu mstaafu wa parokia yetu na kijana mmoja aliyekuwa akisubiri ajira ya ualimu walijitolea kufundisha jioni katika ukumbi, isipokuwa siku za mazoezi ya kwaya. Walianza vijana tisa. Watatu waliacha kabla ya Pasaka, na hatukuwafuata kama ilivyotupasa. Kati ya waliobaki, wapo waliopanda na wapo wasiopanda. Mmoja wao sasa anajifunza ufundi umeme na hajutii, kwa maana kidato cha tano si mlango pekee wa maisha.

Binti yule alipata C ya Jiografia. Nafasi aliyoipata ni ya shule binafsi, ambako ada inachangwa na jumuiya yake, na ya muhula huu bado haijatimia. Katika shule za serikali ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa tangu mwaka wa masomo 2022/2023. Ndiyo bei ya herufi moja iliyokosekana kwa sababu darasa halikuwa na mwalimu.

Tunawaomba basi, wapendwa. Wazazi, msingoje matokeo ya kidato cha nne. Nendeni shuleni mtoto akiwa kidato cha kwanza, mkaulize kila somo lina mwalimu gani. Walimu mlio miongoni mwetu, toeni jioni moja kwa juma kama zaka. Nasi tunaokaa katika bodi za shule za Kanisa, tusipandishe wastani hata alama moja kabla ya kutaja saa na jina la atakayemsaidia mtoto kuufikia.

Ukumbi wa parokia u wazi Jumatatu na Jumatano kuanzia saa kumi na moja jioni. Jiografia, Historia na Kiswahili tumepata walimu. Wa Hisabati bado tunamtafuta.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu