Dawa Isiyolenga

Merigi, katika Kaunti ya Bomet, ni nchi ya vilima na majani chai. Ni nchi inayoijua saratani pia. Saratani ya umio, njia ile ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni, imewashughulisha madaktari wa Hospitali ya Tenwek kwa miaka mingi, na wagonjwa wengi hufika huko chakula kigumu kimekwisha kukataa kupita. Si ajabu basi kwamba habari za dawa mpya husikilizwa kwa makini katika sehemu hizo. Mojawapo ni ile ya dawa iliyotiwa ndani ya liposomu, ambayo ni rahisi kuielezea kwa Kiswahili kuwa dawa “inayolenga” uvimbe na kuziacha seli nzima.

Kitenzi hicho ndicho kinachohitaji kuchunguzwa. Alengaye huiona shabaha. Liposomu haioni kitu. Ni kifuko cha mafuta chenye upana wa nanomita 100 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwingereza Alec Bangham na wenzake walitambua kuwa mafuta ya aina ya fosfolipidi yakitiwa majini hujifunga yenyewe kuwa vifuko. Waliofuata wakavijaza dawa. Doksorubisini, dawa nyekundu ya saratani, huua seli zinazogawanyika upesi bila kubagua: za uvimbe, za nywele, za uboho, isitoshe, huweza kuudhuru moyo. Ikifungiwa kifukoni haipenyi kwa urahisi kuta za mishipa mizima ya damu, na moyo hupata nafuu. Mishipa ya uvimbe, kwa kuwa imejengwa harakaharaka, ina nyufa. Vifuko huvujia humo na kukwama. Hapana shabaha hapo, pana mtungi uliopasuka. Tena mitungi haipasuki sawa: uvimbe mmoja huvuja sana, mwingine kidogo, hata katika mwili mmoja.

Mtu wa Merigi angeweza kushawishika kusema kuwa dawa ya kawaida ni mashine ya kuchumia chai, ifyekayo kila ilichokikuta, na liposomu ni mkono uchaguao majani mawili na chipukizi. Mlinganisho huo unapendeza (na mwalimu wa fasihi angeupa alama), ila una kasoro ileile. Mkono wa mchuma chai unajua unachokitafuta.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Doksorubisini ya liposomu iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa saratani ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI, baadaye ikaruhusiwa kwa saratani ya ovari. Si tiba ya kawaida ya saratani ya umio, na bei yake huipita mbali ile ya dawa isiyofungwa. Jamaa waliosikia kwamba dawa “inalenga” wanaweza kuuza ng’ombe wakiamini kuwa hulenga saratani yoyote iliyo mbele yake. Neno kama “dawa ya vifuko” halina mvuto mkubwa, lakini halimwahidi mgonjwa kitu ambacho dawa haina.

Pana jambo jingine ambalo kulenga hulificha kabisa. Vifuko hivyo, hasa vile vilivyopakwa utando wa kuviwezesha kukaa muda mrefu katika damu, huvujia pia kwenye ngozi ya viganja na nyayo. Ngozi huwa nyekundu, huuma, pengine hubabuka, na msuguano huizidisha hali hiyo. Kwa karani huo ni usumbufu. Mwanamke wa Merigi aishiye kwa kuchuma chai, kikapu mgongoni tangu alfajiri, ana haki ya kuelezwa kabla ya chupa kutundikwa, kwa lugha aielewayo, kwamba dawa itakayouhurumia moyo wake huenda isiihurumie mikono yake, ili aulize ni kwa majuma mangapi hatashika chai, na nani atamchumia.